Dada Kotekote na Nafasi Iliyoachwa Wazi

Ndugu waombolezaji, majirani na wafanyakazi wenzake, dada tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, saa mbili asubuhi, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa mama mshona nguo na baba mtunza stoo wa kinu cha unga, na historia hii aliisema mwenyewe akiwa kitandani, tarehe kwa tarehe, mdogo wake wa mwisho akiiandika, kwa sababu hakuwahi kumwamini mtu mwingine kwenye vipimo.

Akiwa na miaka tisa alifunga kamba kutoka jikoni hadi kwenye kopo lililoning'inia getini, mama akiivuta kopo linagonga kuwaita watoto, lakini baada ya siku mbili akaona haifai kamba iwe ya kuita upande mmoja tu, akafunga kopo la pili jikoni ili watoto nao wamwite mama, na mama alijuta, maana mdogo wake huyo aliivuta kutwa nzima kuuliza kama chakula kimeiva.

Alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1966 hadi Novemba 1972, sekondari 1973 hadi 1976, na chuo cha ufundi 1977 hadi 1979, akiwa msichana pekee katika darasa la umeme la wanafunzi thelathini na mmoja, akashika nafasi ya kwanza katika mtihani wa mwisho, jambo ambalo alilisema harakaharaka na kuagiza lisisomwe, na leo tunalivunja agizo hilo kwa makusudi.

Tarehe 4 Februari 1980 aliajiriwa na kampuni inayotengeneza vifaa vya kuendeshea mitambo, akianzia meza ya kulehemu iliyo chini ya dirisha, kisha chumba cha usanifu. Mwaka 1984 alitumwa kwenye shule moja kutengeneza kengele ya umeme iliyokuwa ikilia katikati ya vipindi, akakutana na mwalimu wa hesabu, kengele ikaharibika tena mara tatu ndani ya mwezi mmoja, na mwalimu hakukiri kuwa alikuwa akilegeza waya mwenyewe hadi walipofunga ndoa tarehe 21 Desemba 1985. Walijaliwa binti, ambaye ni muuguzi, mwana, ambaye ni fundi bomba, na wajukuu watatu.

Kwa wasioijua kazi yake, kadi ya kuendeshea mtambo, yaani ubao mdogo wa saketi za umeme, ina matundu ya kufungia waya, mengine ya kuingiza habari, kwamba tangi limejaa au joto limezidi, mengine ya kutoa amri, kwamba pampu iwake au vali ifungwe, na zamani kila tundu lilipangiwa kazi moja tangu kadi ilipotengenezwa, ole wako ukikosea. Tarehe 9 Juni 1994 kadi aliyoisanifu iliungua katika kiwanda cha sabuni, baada ya fundi mmoja wa kampuni kufunga waya wa pampu kwenye tundu la kipimajoto, sabuni ikagandia ndani ya mabomba, kiwanda kikasimama siku nne, na wakubwa wa kiwanda na wa kampuni wakataka jina la fundi huyo ili afukuzwe. Marehemu alilijua jina, kwa kuwa fundi alimwendea jioni ileile kukiri, lakini kwenye ripoti aliandika sentensi moja tu, "Kadi inayokufa kwa waya mmoja imesanifiwa vibaya, na msanifu ni mimi," akatia saini, na cheo cha mkuu wa usanifu alichoahidiwa kikaenda kwa mwingine. Hapa kwenye karatasi, mbele ya neno "fundi", aliagiza nafasi iachwe wazi, na tutairudia.

Hakuzira wala kumnunia mtu, alijikaza kisabuni, kama karakana nzima ilivyomtania, na kwa miaka mitatu akasanifu kadi mpya ambayo kila tundu lake laweza kuingiza habari au kutoa amri, likisubiri kuambiwa na mwenye mtambo siku ya kufungwa, na ambayo huupima kwanza waya uliokuja, ikiona umekosewa inajifunga, inawasha taa ya njano, na inangoja waya urudishwe mahali pake ndipo taa izime. Wakubwa walipomwuliza kwa nini asiwaamulie wateja mapema, aliwajibu kwamba yeye haishi kiwandani kwao. Tarehe 30 Agosti 1997, mbele ya wakurugenzi wote, alimwita fundi yuleyule, wao wasijue ni nani, akampa bisibisi na waya wa pampu, akamwambia, "Haya, kosea," na fundi akakosea, taa ya njano ikawaka, na hakuna kilichoungua. Karakana iliiita kadi hiyo Kotekote, na haukupita muda jina likamhamia yeye, mwaka 1998 akapewa cheo chake, akakishika hadi alipostaafu tarehe 14 Machi 2018, na leo kadi hiyo inaendesha viwanda vya unga, vya rangi, vya saruji na vya maji, nasi tunajivuna bila haya.

Tarehe 11 Januari 2024 aligundulika kuwa na saratani ya ini, akatibiwa kwa karibu miezi minne, na tarehe 6 Mei 2024, saa nne asubuhi, akatutoka, akiwa na umri wa miaka sitini na sita, mwezi mmoja na siku ishirini na mbili. Wiki mbili kabla, mdogo wake alimwuliza ile nafasi aijaze nini, naye akasema, "Hapo sikupangii, mdogo wangu, ukisimama mbele yao utajaza au utaruka, taa ya njano haimfukuzi mtu kazi."

Basi inajazwa. Fundi aliyefunga waya ule alikuwa mdogo wake wa mwisho, wakati huo akiwa na miezi miwili tu kazini na mke mjamzito, ambaye baadaye alipanda hadi kuwa msimamizi wa mafundi, akastaafu mwaka jana kwa cheti kinachosema hajawahi kuunguza kadi hata moja, akapokea makofi na kunyamaza, dada aliyemkingia kifua akiwa amekaa kiti cha mbele akimpigia makofi pamoja na wengine, na mtu huyo ndiye anayewasomea sasa hivi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliopokezana kukaa naye, wafanyakazi wenzake, na hasa ninyi mliotoka kiwanda cha sabuni, ambao leo mmelipata jina mlilolitafuta kwa miaka thelathini. Dada Kotekote, waya umerudishwa mahali pake, taa na izime, nawe pumzika kwa amani.