Benchi la Mbele

Basi lilikuwa nusu tupu, kwa hiyo sikuhitaji kutega sikio. Mbele yangu walikaa fundi cherehani, futi ya kupimia ikimning'inia shingoni, na katekista wa parokia yao.

"Dada, kaka yako kuja kuzungumza na vyama vya kitume kuhusu imani, hilo halina ubishi. Mdomo anao," alisema katekista. "Ila mwambie kwamba mama yenu siku hizi anaishi kwako."

"Nikimwambia haji, Mwalimu. Anazunguka maparokia kufundisha watu kuheshimu wazazi, na mama hajamtia machoni tangu wagombane kwenye msiba wa baba."

"Utamwaibisha mbele za watu."

"Aibu anayo tayari, mimi namwonyesha tu pa kuitua. Mama atakaa benchi la mbele."

Nina wavulana wanne. Nilijikuta naitikia kwa kichwa, mtu nisiyehusika.

"Kanisa si baraza la ugomvi wa nyumbani. Mwambie, au nitampigia mimi."

"Piga. Halafu uje umweleze mama."

Katekista akatoa simu, akaitazama. Basi likasimama kituo cha kanisani.

"Kwani mama mwenyewe anajua?"

Fundi alikuwa ameshainuka. "Anajua. Kaniambia nilipunguze gauni lake, maana amekonda sana tangu mwanawe alipomwona mara ya mwisho."

Wakashuka, katekista bado kaishika simu mkononi.