Bwana Lado Anaegesha Baiskeli

Baada ya miaka ishirini na saba ya kuchanja watu, Bwana Lado Sulaiti wa Ludara anastaafu tarehe 30 Juni 1978. Kituo chetu cha afya hapa Koboko kitabaki na sindano zake. Miguu yake tutaitoa wapi?

Alianza Arua mwaka 1951, akichemsha sindano. Miaka mitatu baadaye alipewa baiskeli na kisanduku cha dawa, akatumwa Koboko, na tangu hapo hakuna njia ya Ludara wala Lobule ambayo haijamtoboa tairi.

Mkulima hurudi na mihogo, mfanyabiashara hurudi na vitenge kutoka Kongo. Bwana Lado alirudi mikono mitupu. Kazi yake aliiacha kulekule, kwenye mkono wa kushoto wa kila aliyemfikia. Alianza na nyumba ya mwisho kijijini, maana ndiyo hurukwa mchanjaji akichoka. Alama ya chaki aliichora mlangoni baada tu ya kumchanja mtu wa mwisho wa nyumba hiyo, hata akiwa bibi aliyejificha ghalani.

Mwaka 1972 habari za ndui zilivuka mpaka. Karani mmoja, mgeni kazini na mwepesi wa kalamu, aliandika majina yote ya Lobule, na mbele ya kila jina akaandika "amechanjwa", ili kazi ikianza karatasi ziwe tayari. Daftari lilipendeza kweli. Mkubwa wetu, Bwana Umaru, aliamini Lobule imekwisha, akampangia Bwana Lado kwenda kwingine.

Bwana Lado alilitazama daftari, akafunga kisanduku kwenye baiskeli, akaelekea Lobule. Alipoulizwa, alisema maneno tunayoyarudia hadi leo: "Jina hapana pata ndui. Mutu njo iko napata," yaani ndui haishiki jina, humshika mtu. Siku tisa alipita nyumba kwa nyumba akikagua mikono. Watu mia mbili na kumi na mmoja hawakuwa na kovu. Aliwachanja wote, mmoja baada ya mwingine. Mwezi uliofuata mgeni mwenye ndui alikaa Lobule siku tatu, na hakuambukizwa mtu.

Bwana Lado aliporudi kutoka Lobule hakumshtaki karani. Alimwomba tu apandishe mkono wa blauzi. Jina la kwanza daftarini lilikuwa la karani mwenyewe, mzaliwa wa Lobule, na mkono wake haukuwa na alama yoyote. Karani huyo ndiye mimi ninayeandika. Niliona haya, nikachanjwa, nikapata homa ya siku mbili niliyoistahili kabisa.

Asante, Bwana Lado. Tunajivunia kuwa tulifanya kazi nawe. Uishi salama Ludara, mihogo yako istawi na magoti yapumzike. Siku ya kukuaga hatutakusomea orodha ya wanaokushukuru. Tutapanga mstari, kila mmoja na mkono wake wa kushoto wazi. Mimi nitasimama wa mwisho kabisa, nikijua utaanzia kwangu.

Drateru, karani