Bi. Nangobi na Mizani Iliyotudanganya

Tarehe 30 Juni 1999 Bi. Margret Nangobi atafunga kabati la kemikali kwa mara ya mwisho na kukabidhi funguo. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na miwili katika maabara yetu ya kupima maji hapa Jinja, kumi ya mwisho akiwa mkuu wetu.

Aliajiriwa mwaka 1967 kuosha chupa. Alikuja kazini kwa baiskeli kutoka Walukuba, na haukupita mwaka kabla hajajua kazi ya kila chupa aliyoiosha. Wakubwa wakampeleka kusoma, akarudi akiwa mpimaji. Katika ile miaka migumu ambayo kemikali hazikupatikana kabisa, alipima joto la maji ya mto tu na kuliandika daftarini kila asubuhi. Alisema hataki kemikali zirudi zimkute amesahau kazi.

Si kwamba alikuwa mpole siku zote. Bw. Herbert, fundi wetu, hawezi kusahau siku alipoweka chapati juu ya meza ya kupimia. Chapati ilichukuliwa, ikabandikwa lebo yenye jina lake na tarehe, ikakaa dirishani mpaka Ijumaa ikiwa sampuli chafu.

Lakini kubwa tunalomshukuru kwalo lilitokea mwaka 1996.

Mwaka huo tuliarifiwa kwamba kila maabara inayopima maji machafu ya viwanda itakaguliwa na serikali na kupewa cheti. Isiyo na cheti, majibu yake hayatatambuliwa. Tulikuwa na uhakika wa kupita. Tulipaka kuta rangi, tukashona makoti mapya. Fomu ya maandalizi ilitaka mizani ihakikiwe, kwa hiyo Bi. Nangobi akaazima mawe ya kupimia yaliyothibitishwa. Aliweka jiwe la gramu moja. Mizani ikasoma zaidi ya gramu moja na robo. Akalitoa, akalirudisha, ikasoma vilevile.

Mizani hiyo ilikuwa imehamishwa miezi mitatu nyuma, tulipopaka rangi. Ndiyo tuliyotumia kutengeneza maji ya kulinganishia, yale tunayopimia sampuli nyingine zote. Maana yake ni kwamba tangu siku hiyo tulikuwa tukiona uchafu mwingi kuliko uliokuwepo. Na katika miezi hiyo mitatu, kwa majibu yetu, kiwanda kimoja cha ngozi kule Mbale kilikuwa kimefungwa. Kilikuwa cha Bw. Mukesh, mmoja wa Wahindi waliofukuzwa nchini mwaka 1972, aliyerudi miaka michache tu kabla na kuanza upya. Wafanyakazi arobaini walikuwa nyumbani.

Mkubwa mmoja alimshauri kwa simu atengeneze mizani na kunyamaza, kwani cheti kilikuwa karibu. Nilikuwa mlangoni nikasikia jibu lake: "Bwana, hicho cheti kitasema sisi ni watu wa kuaminiwa. Nitakitundikaje?"

Kesho yake nilimwendesha hadi Mbale. Njiani alinikuta nikimtazama kwenye kioo, akasema, "Jafar, tazama barabara."

Bw. Mukesh alitupokea getini akiwa pamoja na msimamizi wake, Semei. Bi. Nangobi hakungoja kukaribishwa kiti. Alisema, "Kosa ni letu. Mizani yetu ilikuwa mbovu, na mimi ndiye niliyetia sahihi."

"Wiki tano, mama!" Bw. Mukesh alisema. "Ngozi zangu zote zimeoza humo ndani. Unasikia harufu?"

"Nasikia."

"Na umekuja kuniambia pole?"

"Nimekuja kusema pole, na kuchukua maji yako upya. Semei atashika chupa pamoja nami, aone kila hatua."

Semei ndiye aliyecheka kwanza, kwa uchungu, akasema hajawahi kuona mtu wa serikali akija na kosa lake mkononi. Kisha akaenda kuchukua ndoo. Maji yale yalipimwa kwa mizani ya kuazima, yakaonekana yamo ndani ya kiwango. Siku nne baadaye kiwanda kilifunguliwa.

Wakaguzi walipofika kwetu, Bi. Nangobi aliwawekea faili lote mezani kabla hawajauliza. Walilisoma, wakatunyima cheti.

Niseme ukweli, tulimkasirikia. Shallon, mpimaji wetu kijana, alilia. Mimi nilipita wiki mbili nikimwamkia kwa kichwa tu. Aliendelea kufika wa kwanza kila asubuhi, akaweka jiwe kwenye mizani, akaandika ilichosoma na kutia sahihi. Mwezi wa pili baada ya hapo Shallon akaanza kutia sahihi ya pili kando ya ile yake. Kabla mwaka haujaisha, sote tulikuwa tunagombea zamu ya kulipima lile jiwe.

Novemba 1997 wakaguzi walirudi na chupa tatu zilizofungwa, wao peke yao wakijua kilichomo. Bi. Nangobi alikataa kuzigusa. Alimwachia Shallon, akatoka nje akakaa kwenye ngazi kama mzazi anayengoja matokeo ya mtihani. Majibu yote matatu yalikuwa sahihi. Tulipata cheti.

Mwaka jana sampuli za kiwanda kile kile zilitoka mbaya, na safari hii zilikuwa mbaya kweli. Tulitegemea barua ya wakili. Badala yake Bw. Mukesh alipiga simu, akauliza swali moja tu: "Nangobi ameona hayo majibu?" Aliposikia ndiyo, alisema, "Basi maji yangu ni machafu," akachimba bwawa la pili la kutuliza maji. Anayeoga leo katika mto yanakoishia maji ya kiwanda kile hajui jina la Bi. Nangobi, lakini sisi tunalijua.

Mama, asante kwa kutuaibisha siku ile, na kwa kukaa nasi mpaka aibu ikaisha. Asante kwa kutuachia maabara ambayo neno lake linasadikiwa. Mungu akupe afya, nyumba tulivu na usingizi mrefu wa asubuhi. Maisha yako ya mbele yawe mema.

Jafar Bakhit
Karani na dereva wa maabara, Jinja