Pakiti ya Njano ya Weng Hsi-ju

Kila asubuhi, kabla hata ya kuvua kofia ya pikipiki, Weng Hsi-ju alitazama tarehe kwenye pakiti ya bisi iliyokaa juu ya mashine yake maabarani. Ilikuwa lazima iwe ya kijani, kama taa ya kuruhusu magari, isiwe imefunguliwa, wala isiwe imepitwa na wakati. Jina la bisi hizo maana yake ni "tulia", na kwetu huaminiwa kuwa mashine ikiwekewa hutulia ikafanya kazi. Akishaisoma tarehe aliigonga mashine kwa kidole, kama mtu anayeamsha mtoto, ndipo akavua kofia.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Novemba 1995 hapa Yizhu, mtoto wa kwanza wa Mzee Weng Tien-fu, mfugaji wa samaki wa mabwawa, na Bi Tsai Chin-yeh, mwenye duka la kifungua kinywa. Alisoma shule ya msingi hapa hapa, kisha sekondari Chiayi mjini, na kila alfajiri kabla ya basi alimkunjia mama chapati za mayai. Mwaka 2014 alikwenda chuo kikuu Hsinchu kusoma fizikia. Mwaka 2018 akaanza masomo ya juu ya fizikia ya viumbe, chini ya Mwalimu Shih.

Kazi yake ilikuwa kuvuta uzi mmoja wa protini kwa mwanga. Mwanga ukibanwa sana unaweza kushika kishanga kidogo kisichoonekana kwa macho, na uzi unafungwa kwenye kishanga. Kila Alhamisi alifundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na somo lake la kwanza lilianza na kikaango na yai. Aliwaambia, "Yai likishaiva halirudi ubichi, hata mama yangu hawezi. Lakini uzi mmoja, ukiuvuta taratibu ukauachia, unajikunja wenyewe kama ulivyokuwa. Nataka kujua unakumbukaje." Darasa lilinukia mafuta mpaka mchana.

Hakuolewa. Mwaka Mpya wa 2023 shangazi Hsiu-luan alimuuliza mbele ya watu wote, "Wewe, hiyo mashine itakutolea mahari lini?"

"Shangazi, imeshatoa. Inanipa namba kila siku."

"Namba hazibembelezi mgonjwa."

Walicheka wote. Mwezi wa tisa mwaka huo madaktari walimwambia ana saratani ya damu.

Mimi mdogo wake, Hsi-an, niliacha shule baada ya kidato cha tatu nikawa dukani kwa mama, kwa hiyo mimi ndiye niliyetumwa Hsinchu kukaa naye. Siku za matibabu tulikuwa hospitali, siku nyingine nilikaa kwenye kiti cha pembeni maabara nikimwangalia. Kitabu chake cha shahada kilihitaji nyuzi arobaini zivutwe na kurudi. Alikuwa amefikia kumi na tisa.

Siku moja nilimwona amechoka, na nilijua dukani kwa mama alikuwa akipenda bisi za njano, zile za viungo. Nikanunua moja nikaiweka juu ya mashine, kando ya ile ya kijani. Mashine ikasimama siku mbili.

"Nani kaweka njano?" aliuliza Kuo Pin-hao, mwanafunzi wake. "Njano ni ya kupumzika. Umeiambia mashine ilale, dada mdogo."

Hsi-ju akaishusha, akaifungua, akatugawia.

"Mwache," alisema. "Miaka yote hii, huyu ndiye wa kwanza kuionea mashine huruma."

Baada ya nafuu ya miezi kadhaa, Machi mwaka huu ugonjwa ulirudi. Alikuwa amefikisha nyuzi thelathini na moja. Mikono ilimtetemeka, akamkalisha Pin-hao kwenye kiti chake naye akasimama nyuma. "Usivute kama unang'oa jino," alikuwa akimwambia. "Vuta kama unamwondolea mtoto aliyelala blanketi." Pin-hao alikata nyuzi sita kabla ya kupata mmoja uliorudi.

Alifariki tarehe 6 Mei 2025, saa nne asubuhi, hospitali ya Hsinchu, mama akiwa amemshika mguu. Ameacha baba na mama, bibi yetu Weng Huang Yueh mwenye miaka themanini na minane, shangazi Hsiu-luan, mimi, na wanafunzi aliowafundisha kwa miaka sita, ambao wamesimama pale nyuma. Mwalimu Shih amesema kitabu kitasomwa na walimu wenzake kama alivyokiacha, kimekamilika.

Nasema kimekamilika kwa sababu nilikuwepo. Ilikuwa Alhamisi, tarehe 24 Aprili. Uzi wa arobaini ulivutika, ukanyooka, ukaachiwa, na mstari kwenye kioo cha kompyuta ukashuka polepole mpaka ulipoanzia. Pin-hao hakugeuka, nadhani alikuwa analia. Hsi-ju alishusha pakiti ya kijani ya zamani, akaweka mpya, akasoma tarehe kwa sauti: Novemba. Akaigonga mashine kwa kidole.

Kisha akatoa kwenye mkoba wake pakiti ya njano.

"Dada mkubwa, hiyo usiiweke hapo," alisema Pin-hao.

"Siiweki. Hii ni yangu."

Akavaa kofia yake, akatoka mlangoni akiifungua.