Foleni ya Shangazi Noreen Mbele ya Kituo cha Polisi

Ijumaa ya tarehe 28 Juni 2024, Shangazi Noreen Stockdale anastaafu baada ya kuendesha basi la chakula la Kituo cha Jamii cha Mtoni kwa miaka thelathini na mmoja. Uongozi umeomba wasifu huu uandikwe kwa upole. Tumejaribu.

Alianza mwaka 1993, kituo kikiwa chumba kimoja nyuma ya kiwanda cha kusindika matunda, akiwahudumia Wayorta Yorta wenzake, wenyeji weusi wa Australia, watu wa mto huu tangu kabla mji haujakuwapo. Baadaye tulikuja sisi kutoka Kivu, baada ya kambi nyingi. Tulichuma peari na kukaa kimya. Shangazi hakuupenda ukimya wetu. Maboksi yake ya kwanza yalijaa makopo ya bitiruti, na Mama Nsimire, mmoja wetu, alimrudishia yote.

"Shangazi, hii ni chakula au ni dawa ya kupaka?"

Alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Wiki iliyofuata alileta unga wa mahindi. Aliupata wapi, hatukuuliza.

Lakini mji huu utamkumbuka kwa mwaka wa korona. Majira yale ya baridi, kijana wa Coralie Moffat, Myorta Yorta mwenzake Shangazi, alikamatwa kando ya mto kwa kosa la kukaa na wenzake, akafia mahabusu. Coralie, mama yake, aliomba jambo moja tu: aone picha za kamera ya chumba alichofia. Akaambiwa asubiri ugonjwa upite. Maandamano yalikuwa marufuku. Vijana weusi waliosimama wawili watatu bustanini walipigwa faini. Wacheza gofu ng'ambo ya barabara walipungiwa mkono.

Foleni ya chakula, hata hivyo, iliruhusiwa, mradi watu waachiane mita moja na nusu. Alhamisi iliyofuata Shangazi hakuegesha basi mahali pake pa kawaida. Aliliegesha mbele ya kituo cha polisi.

Foleni ilianzia mlangoni pao, ikapita benki, ikapita duka la viatu, ikakata kona hadi kwenye mfereji. Umbali uliowekwa ili kututawanya ndio uliotufanya tuonekane wengi.

Ni sisi Wakongo tulioharibu kidogo. Vijana wetu walikuja na mabango yenye jina na picha ya marehemu, kama tunavyofanya kwetu msibani, tukidhani tunampa heshima. Kwa watu wa hapa, jina na sura ya marehemu havitolewi mpaka familia iruhusu. Coralie alipoyaona aliufunika uso, akageuka aondoke. Shangazi hakupaza sauti.

"Geuzeni hayo mabango, wanangu. Mama yake hajatoa ruhusa."

"Sasa tushike mabango matupu, Shangazi?" aliuliza Mugisho, kijana wa Mama Nsimire.

"Matupu hivyo hivyo. Waliomo humo ndani wanajua kinachopaswa kuandikwa."

Mabango yakageuzwa. Coralie akarudi kwenye nafasi yake. Ndipo sajini akatoka.

"Noreen, haya ni maandamano."

"Ni foleni ya chakula, mwanangu. Una njaa? Nenda kajipange, mwisho uko kule mferejini."

"Na hayo mabango?"

"Hebu nisomee moja."

Sajini alitazama mabango, akatazama foleni, akarudi ndani.

Tulirudi kila Alhamisi, kwa mvua na baridi. Shangazi alipigwa faini ya kuegesha, akaibandika kwenye kioo cha basi, akaegesha palepale. Sisi wazee wa Kivu tulitoka nchini kwetu tukikimbia watu wenye sare. Pale barabarani tulisimama mbele yao.

Peari zilipoanza kuchanua, Coralie aliitwa kuona picha. Walimtaka aingie peke yake, kwa sababu ya ugonjwa. Shangazi aliwaambia kwamba foleni haina haraka, inaweza kusubiri hata wiki nzima. Wakamruhusu kuingia na dada yake. Alipotoka alisimama kwenye ngazi akasema, nasi sote tukisikia, "Aliita. Aliita sana, na walimsikia."

Mpaka leo hakuna aliyeshtakiwa. Kesi ya kuchunguza kifo kile inaanza Melbourne mwezi Julai. Kituo chetu kinaishi kwa ruzuku ya serikali, na Shangazi aliambiwa kwamba mfanyakazi wa kituo asionekane akikaa upande wa familia mahakamani. Alirudisha ufunguo wa basi siku hiyohiyo.

"Kuendesha nimemaliza," alituambia jikoni. "Sasa naenda kukaa. Na wanione nimekaa."

Basi, wanaosema anakwenda kupumzika wasituharibie sherehe. Gari litaendelea kuegeshwa mbele ya polisi kila Alhamisi. Mugisho ndiye atakayeliendesha, na faini zake azilete kwetu.

Shangazi, ahsante kwa unga, kwa matusi yako ya mapenzi, na kwa kutufundisha kusimama. Tunakutakia afya, miguu ya kupanda ngazi za mahakama, na kiti cha mstari wa mbele kando ya Coralie, pale ambapo hakuna shahidi atakayefungua kinywa bila kukutazama usoni.