Mume Naye Apimwe

Mwaka tisini na nane, katika basi la kutoka Handeni kwenda Korogwe, mbele yangu walikaa wanawake wawili wasiojuana. Chausiku, mkulima, alikuwa anakwenda hospitali kupimwa kizazi kwa mara ya tatu. Safari hii akirudi bila jibu, mama mkwe angemwozesha mwanawe mke wa pili.

"Mke wa yule tajiri wa mbao kapelekwa India, kapandikizwa mimba, karudi na mapacha," alisema. "Mimi naambiwa nimsubiri Mungu."

Nasinkoi, mama wa Kimasai, akacheka. "Kwetu mke mwenzio angekupa mmoja wa kwake, umlee."

"Dada, mtoto si ndama!"

"Ndama ana nafuu. Ng'ombe asiposhika mimba, dume naye tunamwangalia. Mumeo kapimwa?"

"Anasema yeye mzima, gunia la mahindi anabeba peke yake."

"Hata punda anabeba."

Hapo nikaona taifa linanihitaji. Nikasimama na hotuba yangu ya matibabu bure, ile iliyonivua uenyekiti wa tawi la chama. "Wenye nacho sasa wananunua hata uzazi!" nikanguruma.

Chausiku akageuka. "Shikamoo, mzee. Maneno yako ya kweli. Lakini kipimo cha wanaume kipo hapo Korogwe tu. Wewe ungekwenda?"

Mimi sisahau kitu. Mwaka sabini na tano nilimrudisha mke wangu kwao Mashewa, nikisema ni tasa. Akaolewa hukohuko, akazaa wanne.

"Konda, shusha!" nikapiga kelele. Korogwe ilikuwa bado maili sita.