Jani la Mara ya Pili

Kwenye Noah ya abiria ya kwenda Kisondela nilikaa nyuma ya mama mmoja aliyevimba magoti na kijana aliyepakata boksi la vifaa vya chuo. Kijana, aliyesema anaitwa Lusungu, alikuwa anamweleza kwamba chuoni walipima jani la kutuliza uvimbe kwa panya, na uvimbe haukupungua hata kidogo.

"Jani mlipewa na nani?" mama akauliza.

"Na bibi Anyosisye. Tulikwenda siku moja tu, akatuchumia bila shida."

Mama alitazama migomba dirishani. "Huyo ni mama yangu. Mtu akimwomba dawa mara ya kwanza, alikuwa anampa jani lolote. Akirudi kuomba tena, ndipo anaamini ana shida kweli, anampa lenyewe."

Mimi niliwahurumia panya, maana wao hawakuomba hata mara moja.

"Basi nimerudi, mama," Lusungu akasema. "Ndiko naenda, kuomba mara ya pili."

"Tumemzika Jumamosi."

"Pole sana, mama."

"Ndaga, asante, mwanangu."

Gari lilipoanza kupunguza mwendo, Lusungu aliuliza kwa sauti ya chini, "Lakini wewe ni mwanawe. Lenyewe unalijua?"

Gari likasimama. Mama alishika kiti cha mbele, akajivuta taratibu hadi mlangoni, goti moja kisha lingine.

"Kwenye dawa mama hakuwa na mtoto," alisema. "Na mimi niliomba mara moja tu."